Theluthi ya Darasa

Mwanamke wa idara ya elimu alifika Jumanne saa nne asubuhi bila kutanguliza barua. Alivaa koti la mvua, akabeba mkoba wa ngozi na fomu ya kurasa mbili. Kusum alimkaribisha jikoni kwa sababu chumba cha mbele hakikuwashwa moto mchana, akampa kiti ambacho miguu yake yote ilikuwa mizima, akabandika chai. Juu ya meza palikuwa na gazeti la jana, ambalo Kusum alikuwa amelisoma hadi katikati. Mgeni alilisogeza pembeni apate mahali pa kuandikia.

"Jina lako?" aliuliza kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayemsemesha kiziwi.

"Kusum Vadgama."

"Na jina la mume wako?"

Kusum aliitazama fomu. Alikuwa ameolewa kwa miaka kumi na tatu na hakuwahi kulitamka jina la mumewe mbele ya mtu, wala mama yake hakuwahi kulitamka la baba yake. Kule Kisumu kila karani alijua kwamba mke wa Kihindu hataji jina la mumewe. Walimwuliza shemeji, au mtoto, au walijiandikia wenyewe. Alitafuta kwa macho bahasha yoyote yenye jina hilo. Barua zote zilikuwa ghorofani, kabatini, na wasichana wake wawili, aliokuwa akiwategemea, alikuwa amewatuma mkate.

"Mume," alisema yule mwanamke, akijigusa kidole cha pete. "Mume. Jina?"

Kusum aliinamisha kichwa na kuvuta upindo wa sari mdomoni. Mwanamke alisubiri kwa muda aliouona kuwa wa kutosha, kisha akaandika kwamba mama hazungumzi Kiingereza. Baada ya hapo hakumwuliza tena neno. Mistari iliyobaki aliijaza mwenyewe, akitazama kuta.

Wasichana waliporudi na mkate aliwasimamisha kando ya meza akatoa kadi za picha. Wote wawili walikuwa na miaka kumi. Alianza na Nalini, aliyekuwa mkubwa kidogo. Kadi ya kwanza ilikuwa na kikombe.

"Hiki ni nini?"

Nalini alikuwa amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Aliitazama picha, akamtazama mgeni, akaitazama picha tena. Mtu mzima hawezi kutoka ofisini katika mvua kuja kuuliza kikombe ni nini bila kuwa na jambo analolitafuta. Aliwaza ni lipi. Alipokuwa bado anawaza, kadi iligeuzwa ukaja mwavuli, kisha mwanakondoo. Hansa alipopewa nafasi alitaja zote tisa kwa pumzi moja.

"Nilidhani ananitega," alisema Nalini mlango ulipofungwa.

"Profesa!" Hansa alimcheka. "Umefelishwa na kikombe."

"Nyamaza wewe."

"Mama, leo profesa anywee chai kwenye bakuli."

Kusum alicheka kidogo pamoja nao, kisha akaacha. Chai ya mgeni ilikuwa mezani, haikuguswa.

*

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, barua mbili katika bahasha moja. Kishor alizisoma amesimama, bado na koti alilovaa ghalani Stratford, ambako alibandika lebo kwenye makasha ya vipuri. Kabla ya London alikuwa karani wa shule ya watoto wa Kihindi mjini Kisumu kwa miaka kumi na minne. Alisoma barua ya serikali kama wengine wanavyosoma mkataba: tarehe, kumbukumbu namba, sahihi, halafu maneno.

Maneno yalikuwa haya. Tangu mwaka 1965 serikali ilishauri kwamba watoto wa wahamiaji wasizidi theluthi moja katika shule yoyote. Shule iliyokuwa mwisho wa mtaa wao, ambayo kengele yake ilisikika jikoni, ilikuwa imefikia kiwango hicho. Kwa hiyo Nalini angepelekwa kwa basi katika darasa la kufundishia lugha, maili sita kaskazini. Hansa, aliyejua Kiingereza, angepelekwa kwa basi jingine katika shule ya kawaida, maili tano upande wa pili. Mabasi yangewachukua saa mbili kasorobo kwenye kona ya kanisa. Mzazi asiyeridhika angeweza kusikilizwa, na angekuja na pasipoti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

"Wameandika kwamba hujui Kiingereza," alisema Kishor.

"Najua. Nimeisoma kabla yako."

"Kwa nini hukumjibu yule mwanamke?"

"Aliuliza jina lako."

Kishor alivua koti. "Ungelisema mara moja tu."

"Na ungefurahi?"

Kishor alikaa, akazikunjua tena barua, akaziweka sambamba mezani.

"Hili ni kosa la maandishi," alisema. "Mama anajua Kiingereza. Mtoto anajua Kiingereza. Mkaguzi ameandika jambo lisilo kweli, na juu ya jambo hilo wamejenga mengine yote. Kosa la maandishi husahihishwa. Nitaomba kusikilizwa."

"Omba kwa barua. Pasipoti isitoke humu ndani."

"Wamesema twende nayo."

"Nimesoma walichosema, Baba Nalini. Nami nakwambia isitoke."

Wote wawili walijua anachozungumzia. Hansa hakuwa amezaliwa na Kusum. Alikuwa mtoto wa Hemant, mdogo wake Kishor, aliyechukua uraia wa Kenya mwaka 1964 ili asinyang'anywe leseni ya duka, kisha akafa pamoja na mkewe katika ajali ya gari barabara ya Kericho. Kishor, mwenye pasipoti ya Kiingereza, alikwenda mbele ya hakimu akaapa kwamba Hansa ni binti yake, akapewa cheti, na msichana akaandikwa katika pasipoti chini ya Nalini. Hakuona kwamba amesema uongo. Kwao mtoto wa ndugu hakuitwa kwa jina jingine isipokuwa mtoto. Lakini tarehe ilikuwa kitu kingine. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kubadilisha tarehe ya kuzaliwa ya mtoto yeyote katika rejista, hata alipoombwa na wazazi wenye uwezo, na hata kwa Hansa hakuibadilisha. Nalini alizaliwa tarehe 11 Machi 1958. Hansa alizaliwa tarehe 2 Agosti 1958. Tarehe hizo mbili zilikaa katika ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, na ilitosha mtu azisome pamoja ili ajue kwamba mwanamke mmoja hakuwazaa wote wawili.

"Uwanja wa ndege walizitazama," alisema Kishor.

"Uwanja wa ndege ilikuwa Februari. Nyuma yetu palikuwa na watu mia tatu wanaowahi kabla sheria mpya ya uhamiaji haijafunga mlango. Yule kijana hakutazama, aligonga muhuri."

"Hawa ni watu wa shule. Wanatazama shule."

"Na Hansa wakimrudisha, atafikia kwa nani?"

Kishor alizikunja barua kwa mikunjo yake ileile. "Siwezi kuacha uongo ukae kwenye faili la mtoto wangu," alisema.

*

Chumba cha juu kilikuwa cha Matar, Mzanzibari wa miaka hamsini aliyeondoka Unguja mwaka 1964 na sasa akifagia majukwaa katika stesheni mpya ya reli ya chini. Jumamosi aliwaletea mihogo kutoka soko la Walthamstow, akajikaribisha kwenye kiti cha karibu na jiko. Pamoja naye walizungumza Kiswahili, na mbele yake hawakuficha jambo. Alikuwa amekwisha kulijua.

"Hebu nifahamishe, karani," alisema. "Wamekwambia mtoto apande basi. Atapanda bure, atashuka, atasoma, atarudi. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka waandike ukweli."

"Wewe Mhindi una balaa. Watu wanahonga ili waandikiwe uongo, wewe unataka kwenda kugombea ukweli."

"Wamemfanya Nalini mjinga, Bwana Matar. Atakaa na watoto wanaofundishwa kikombe."

"Basi atakuwa wa kwanza darasani. Kuna ubaya?" Matar alimgeukia Kusum. "Shemeji, mwambie mumeo."

"Nimemwambia hadi nimechoka."

Matar aliacha mzaha. "Sikiliza. Mimi Unguja nilikuwa na hati ya nyumba, hati ya shamba, na cheti cha babu yangu. Zote halali, zote zina muhuri. Walipokuja wale vijana na bunduki niliwatolea sandukuni, nikazipanga mezani, vizuri kama unavyopanga wewe. Unajua walifanya nini? Mmoja aliwashia sigara."

"Yale yalikuwa mapinduzi. Hapa ni London."

"Haya," alisema Matar, akasimama. "Mihogo hiyo msiikaange, itakuwa migumu. Chemsheni."

*

Waliitwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa tisa mchana. Ofisi ilikuwa katika jengo la shule ya zamani, na watu walisubiri kwenye ukumbi uliokuwa na viti vya watoto wadogo. Kishor, ambaye kwa ajili ya siku hiyo alikuwa amepoteza nusu ya mshahara wa siku na kuvaa suti aliyoshonewa Kisumu, alikaa dakika arobaini magoti yakimkaribia kidevu. Kusum alisimama. Mhudumu alipita mara mbili na mara zote mbili alimwambia akae.

Afisa aliwapokea kwa heshima. Jina lake lilikuwa Thirkell. Alikaribia kustaafu, mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa vizuri, na mbele yake barua ya Kishor ilikuwa imepigiwa mistari kwa penseli. Pembeni ya dirisha alikaa Mhindi wa makamo mwenye shajara. Alikuwa mkalimani wa Kigujarati, alieleza Thirkell, ameletwa kwa ajili ya mama.

"Ndilo kosa lenyewe," alisema Kishor kwa Kiingereza chake cha ofisi. "Mke wangu hahitaji mkalimani."

"Basi tumsikie."

Thirkell alimwuliza Kusum alisoma wapi. Alijibu kwamba Mombasa, hadi darasa la nane, kwa Kiingereza. Akamwuliza anasoma nini nyumbani, naye akataja gazeti, na habari aliyoisoma humo asubuhi ile. Majibu yalikuwa mafupi na sahihi. Thirkell aliitikia kwa kichwa kila mara, akiandika.

"Mkaguzi anasema hukuweza kutaja jina la mume wako."

Mkalimani aliinua macho kutoka kwenye shajara, akayarudisha haraka. Kati ya watu wanne waliokuwa chumbani watatu walijua swali hilo lilikuwa linataka nini. Kishor alitazama meza.

"Sema," alimwambia mkewe kwa sauti ndogo.

"Kishor," alisema Kusum. "Jina la mume wangu ni Kishor Vadgama."

Uso wake ulikuwa umewaka hadi shingoni. Thirkell alichora mstari juu ya sentensi moja katika faili, akaandika nyingine juu yake, akaweka sahihi ndogo kando. Kishor aliuona mkono ukifanya hivyo, akapumua. Kwa muda wa dakika moja hivi, mambo yalikuwa kama alivyoamini siku zote kwamba ndivyo yalivyo: kosa lilionyeshwa na kosa likasahihishwa.

"Sasa vyeti," alisema Thirkell.

Aliviweka vyeti viwili kushoto na pasipoti kulia, akafungua ukurasa wa watoto. Kidole chake kilishuka kutoka mstari wa juu hadi wa chini, kikapanda, kikashuka tena. Kusum alikuwa akikiangalia kidole. Kigujarati hakikuwezekana, mkalimani alikuwa palepale. Aligeukia lugha waliyozoea kuitumia mbele ya Waingereza tangu siku waliyotua, madukani, hospitali, ndani ya mabasi, na ambayo haikuwahi kuwasaliti.

"Baba Nalini, anatazama tarehe," alisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Mwambie ya Hansa ilikosewa. Sema ni mwaka uliofuata."

"Haiwezekani. Cheti nacho kina tarehe hiyohiyo."

"Basi chukua pasipoti tuondoke. Akijua kwamba ni mtoto wa Hemant watamrudisha, na kule hana mtu."

"Tulia. Ukisimama sasa ndipo atajua."

Thirkell hakuinua kichwa. Alimaliza kusoma, akamwambia mkalimani kwa Kiingereza kwamba anamshukuru na hatahitajika tena. Mkalimani alikusanya shajara na kofia, akatoka. Thirkell mwenyewe alikwenda kuufunga mlango. Aliporudi hakukaa mara moja.

"Kiswahili chako ni cha pwani, mama," alisema kwa Kiswahili. "Ni miaka sita sijakisikia kikizungumzwa vizuri hivyo."

Chake kilikuwa Kiswahili cha mitihani, kila kitu mahali pake, bila haraka. Kusum aliziba mdomo kwa kiganja, safari hii si kwa adabu.

"Nilikuwa idara ya elimu ya Tanganyika, na baadaye Kenya," aliendelea Thirkell, akikaa. "Nilianza mwaka 1937, nyanda za kaskazini. Palikuwa na walowezi wa Kijerumani, wakulima wa kahawa, wenye shule yao ndogo. Walitaka watoto wao wafundishwe Kijerumani na walimu wao wenyewe. Serikali iliwapa ruzuku, na mimi nikawa mkaguzi. Nilihesabu saa za Kiingereza kwa wiki. Nilikagua rejista. Walikuwa wakiandika malalamiko kila muhula, barua nzuri sana. Nilipoisoma yako niliwakumbuka."

Kishor aliitazama barua yake iliyopigiwa mistari.

"Vita vilipoanza, polisi hawakujua nani anakaa shamba gani. Walikuja kwangu. Rejista yangu ilikuwa na kila familia, kila mtoto, na umbali wa kila nyumba kutoka shuleni. Kwa siku mbili walikuwa wamewakusanya wote."

"Ukawapa?" aliuliza Kusum.

"Ilikuwa rejista ya serikali, mama." Alivisukuma vyeti vikalingana na ukingo wa meza. "Mambo ya uhamiaji si ya idara hii. Yangu ni theluthi moja. Rufaa ikiendelea, faili hili litapitiwa na kamati ya watu watano, na pasipoti itapitiwa pamoja nalo, na mmoja wao atauliza. Kama hakuna rufaa, hakuna wa kuuliza."

"Na wewe?" alisema Kishor.

"Mimi sijakuuliza swali lolote kuhusu mtoto huyu. Nimeuliza?"

"Hapana, bwana."

"Basi."

Akampa karatasi. Kishor aliandika mistari mitatu kwamba anaondoa rufaa kwa hiari yake, akaweka tarehe na sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama kawaida. Alipomaliza aliuliza, kwa Kiingereza, kama angeweza kupewa barua ya kuthibitisha kwamba shauri limekwisha.

"Hilo haliandikwi," alisema Thirkell. "Wewe ni karani. Unaelewa."

Kabla ya kuwarudishia pasipoti alichukua kadi nyeupe kutoka kwenye droo akanakili majina mawili na tarehe mbili, kwa penseli. Kishor alimtazama akinakili. Kule Kisumu yeye naye alikuwa na droo ya kadi za penseli. Ziliwekwa huko za watoto ambao mambo yao yalikuwa hayajaamuliwa.

Walitembea hadi kituo cha basi. Huko Kusum alisema, "Nimelitaja jina lako bure," na Kishor akasema basi linakuja.

*

Jumatatu wasichana walisimama kwenye kona ya kanisa na watoto wengine kumi na wanane, wote wa Kihindi, Kipakistani na wa visiwa vya Karibi, kila mmoja na kadi iliyofungwa kwenye kifungo cha koti. Wanawake waliokuwa wakiwapeleka watoto wao katika shule ya mwisho wa mtaa waliwapita kwa miguu. Mmoja alisema, bila kushusha sauti, kwamba angalau sasa watoto watapata nafasi ya kupumua.

Basi la kaskazini lilimchukua Nalini, na la kusini Hansa. Tangu Hemant afe walikuwa hawajawahi kukaa madarasa tofauti. Nalini alirudi saa kumi na moja akasema kwa Kiingereza kwamba wamefundishwa kijiko. Hansa alikuwa ametapika njiani na dereva alimpa gazeti afute mwenyewe.

"Ulisema utashinda," Nalini alimwambia baba yake.

"Niliondoa rufaa."

"Kwa nini?"

"Kula kwanza."

Hansa hakuuliza. Alikuwa amemwona mama akificha pasipoti chini ya unga, na tangu siku hiyo alikuwa amekuwa mtiifu kupita kiasi. Aliosha vyombo bila kutumwa, akakunja nguo za Nalini pamoja na zake, na mlango ulipogongwa alikuwa wa kwanza kutoka chumbani na kupanda ngazi. Kusum aliyaona yote. Jioni moja alimshika akamkalisha magotini, ingawa alikuwa mkubwa mno kwa hilo, akamsuka nywele upya bila sababu.

*

Wiki ya tatu ya Novemba ilikuja barua nyingine, ya karatasi nzuri. Idara ilikuwa inaandaa orodha kamili ya watoto wa wahamiaji katika mitaa saba. Familia nyingi hazikujibu fomu, au zilizijibu nusunusu. Kwa kuzingatia uzoefu wa Bwana Vadgama katika kazi za rejista, na lugha anazozijua, idara ingeshukuru kama angejitolea Jumamosi chache kuzitembelea nyumba hizo. Ndani palikuwa na fomu na orodha ya familia kumi na moja. Sahihi ilikuwa ya Thirkell.

Kusum aliisoma akairudisha mezani.

"Usiende."

"Ameandika 'kama ningejitolea'."

"Nimeona alivyoandika. Mwambie unaumwa."

"Jumamosi ngapi?" Kishor alisema. "Niumwe Jumamosi ngapi?"

Kusum alitazama dari. Juu, wasichana walikuwa wakibishana juu ya kitana, na sauti ya Hansa ndiyo ilikuwa ya chini. Jumamosi alimpigia mumewe pasi shati.

Nyumba mbili za kwanza zilikuwa rahisi. Ya tatu ilikuwa ya Pravin, fundi cherehani kutoka Nakuru, mtu mnene na mcheshi ambaye Kishor alikutana naye mara kwa mara sokoni. Katika orodha, mbele ya jina la Pravin, palikuwa na alama ndogo ya penseli: tarakimu 4, na baada yake alama ya kuuliza. Mbele ya majina mengine hapakuwa na kitu.

"Kishorbhai! Karibu, ndugu yangu, karibu. Serikali imetuletea karani wetu!" Pravin alimvuta ndani, akaondoa vitambaa kwenye kiti, akapaza sauti chai iletwe. "Mke wangu aliogopa. Kugongwa mlango Jumamosi asubuhi, nani huyo? Nikamwambia, subiri, tazama viatu kwanza. Viatu vya Kisumu hivi."

Kishor alicheka pale alipopaswa kucheka. Alifungua kalamu. Waliandika majina, kazi, tarehe ya kuingia. Wakafika kwa watoto. Fomu hii ilikuwa mpya. Ile ya Nalini na Hansa ilikuwa na safu ya jina na ya tarehe tu. Hii ilikuwa na safu ya tatu, yenye kichwa 'uhusiano na mwenye nyumba'.

Watoto watatu waliandikwa haraka. Pravin alisita, akaegemea mbele, akapunguza sauti.

"Wa nne ni Bharti. Ana miaka minane. Ni wa dada yangu, amebaki Nakuru na mume mgonjwa. Tulimleta na wetu, kwenye pasipoti ni wangu. Sasa hapo niandike nini, bhai? Wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi."

Kishor alitazama alama ya penseli. Aliweza kuandika 'binti'. Lingekuwa neno lilelile aliloapa mwenyewe mbele ya hakimu. Lakini aliyeweka alama ya kuuliza alikuwa anajua jibu, au karibu, na alikuwa hajamtuma mtu kwenda kulitafuta. Alikuwa amemtuma yeye, aone ataleta nini.

"Umemwambia mtu mwingine?" aliuliza.

"Nani? Hapa mtaani? Wewe tu."

Mke wa Pravin aliingia na chai, akaiweka karibu na mkono wa mgeni, akatoka kinyumenyume. Nyuma yake msichana mdogo alichungulia mlangoni, akaonyeshwa kidole na Pravin, akatoweka akicheka.

"Ndiye huyo," alisema Pravin. "Mtundu. Tarehe zake ninazo, zote sahihi, nitakusomea."

Alizisoma, naye Kishor akaziandika. Halafu kalamu ikahamia safu ya tatu. Haikukaa juu ya karatasi kwa muda mrefu. Kwa mwandiko safi, wa kusomeka hata na mtu asiye na miwani, aliandika: mpwa.

Akageuza fomu, akaonyesha mahali pa sahihi. Pravin alitia sahihi bila kusoma, akaukausha wino kwa kuupulizia.

"Afadhali wamekutuma wewe, bhai," alisema, akimsogezea chai. "Angekuja mgeni, tungejuaje la kumwambia?"